Istilahi za Uoteshaji wa Uyoga Nyumbani: Mfano wa Mazingira ya Babati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati unaotumika katika kuelekeza uoteshaji wa uyoga nyumbani, hususan uyoga wa jenasi ya Pleurotus unaojulikana nchini kwa jina la mamama. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilirithi neno uyoga kutoka kwa waokotaji, ambao walilijua tunda tu na hawakuhitaji jina la kiumbe kinachozaa tunda hilo. Uoteshaji ulipoingia, pengo hilo lilizibwa kwa msamiati wa kilimo cha mimea, na msamiati huo humpotosha mwoteshaji katika hatua zinazoamua kama atavuna au atapoteza mali yake. Makala yanapendekeza kuwa neno utando lifanywe nguzo ya mfumo mzima wa istilahi hizi.

1.0 Utangulizi

Kazi kubwa imefanywa katika kukuza istilahi za Kiswahili za taaluma zinazofundishwa madarasani. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na miaka miwili baadaye Tumbo-Masabo na Mwansoko wakachapisha kiongozi cha uundaji wa istilahi za Kiswahili. Kazi hizo, pamoja na zile za Baraza la Kiswahili la Taifa, zimemsaidia sana mwalimu na mfasiri. Hata hivyo, istilahi haziishi madarasani peke yake. Zinaishi pia katika ua wa nyumba, jikoni, na katika chumba kidogo ambamo mtu amening'iniza mifuko kumi ya majani ya mpunga akitarajia kupata kitoweo.

Katika nadharia ya istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster, mwanaistilahi huanza na dhana, akaibainisha na kuipambanua na dhana jirani, ndipo akaitafutia jina. Katika shughuli za nyumbani mambo huenda kinyume. Jina huja kwanza, aghalabu kwa kuazimwa kutoka katika shughuli nyingine inayofanana nayo, na dhana hufuata nyuma ikivaa maana ya jina hilo. Ikiwa shughuli mbili zinafanana kweli, hakuna madhara. Ikiwa zinafanana kwa sura tu, jina huwa mwalimu mbaya.

Uoteshaji wa uyoga ni mfano mzuri wa hali hiyo ya pili. Uyoga si mmea. Tangu Whittaker alipopendekeza mwaka 1969 kuwa viumbe hai vigawanywe katika himaya tano, kuvu wamekuwa na himaya yao wenyewe, mbali na mimea na wanyama. Hawatumii mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Huishi kwa kumeng'enya vitu vilivyotengenezwa na viumbe vingine. Hata hivyo, mtu anayeelekezwa kwa Kiswahili jinsi ya kuotesha uyoga husikia maneno mbegu, kupanda, kumwagilia na kuvuna, yaani maneno yaleyale anayoyatumia shambani kwa mahindi na maharage.

Sentensi za mifano zilizomo katika makala haya zimetungwa na mwandishi kwa kufuata mtindo wa maelekezo ya aina hiyo. Tumechagua Babati kuwa mazingira ya mjadala kwa sababu zitakazoelezwa katika sehemu inayofuata.

2.0 Babati na lugha zake

Mji wa Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Mji huo uko katika barabara kuu iendayo Arusha na Dodoma, karibu na Ziwa Babati na Mlima Kwaraa, katika mwinuko unaozidi mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Wakulima wa eneo hilo hulima mahindi, maharage, mbaazi na alizeti, na upande wa Magugu hulimwa mpunga. Kwa hiyo baada ya mavuno hupatikana mabua, magunzi, makapi ya maharage na majani makavu ya mpunga, vitu ambavyo uyoga wa mamama huvimeng'enya vizuri. Ni kweli kwamba mifugo nayo huvihitaji, lakini mwoteshaji wa nyumbani hahitaji zaidi ya gunia moja au mawili kwa wakati mmoja.

Sababu ya pili ya kuchagua Babati ni ya kiisimu. Katika eneo hili na jirani zake hukutana lugha za jamii mbalimbali: Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu, na Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Katika mji kama huo Kiswahili ndicho kiungo. Mtu anayefundishwa shughuli mpya hufundishwa kwa Kiswahili pamoja na majirani zake ambao lugha zao za nyumbani hazifanani hata kidogo. Mwalimu hawezi kutegemea kwamba neno la Kiswahili litasahihishwa na maana ya neno linalokaribiana nalo katika lugha mama ya mwanafunzi. Ikiwa neno la Kiswahili linapotosha, wote watapotoshwa pamoja.

3.0 Uyoga: tunda lisilo na jina la mti wake

Sarufi ya Kiswahili hutenganisha kwa uangalifu mti na tunda lake. Tunasema mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mnazi na nazi. Ngeli ya M-/MI- hubeba mti, na tunda huhamia katika ngeli nyingine. Hata pale ambapo mashina ya maneno ni tofauti, kama katika mgomba na ndizi, utenganisho wenyewe upo. Mzungumzaji hawezi kuchanganya kinachozaa na kinachozaliwa.

Neno uyoga halina utenganisho huo. Liko katika ngeli ya U-, ngeli ambayo aghalabu hubeba vitu vinavyochukuliwa kwa wingi wake bila kuhesabiwa kimoja kimoja. Lugha nyingine za Kibantu zina mwelekeo kama huo: Kichewa kina bowa, Kibemba kina ubowa, na Kiganda hutumia obutiko. Sokoni nako uyoga hupimwa kwa fungu, kwa kilo au kwa pakiti. Jina hilo linamfaa muuzaji na mlaji. Linamfaa pia mwokotaji, maana yeye hukutana na uyoga baada ya mvua, umekwisha kuota, naye huondoka nao.

Lakini kile tunachokiita uyoga ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni mtandao wa nyuzi nyembamba nyeupe zinazopenya ndani ya gogo, majani makavu au udongo, na ambazo zaweza kuishi humo muda mrefu bila kutoa tunda lolote. Mwokotaji hana haja ya kuziona. Mwoteshaji, kinyume chake, hushughulika nazo kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Katika mfuko wa mamama, nyuzi hizo huenea kwa muda wa wiki tatu hadi nne, gizani na katika joto la wastani, kabla kitumba cha kwanza hakijaonekana. Hii ina maana kwamba mwoteshaji anatunza "mti" kwa karibu mwezi mzima, ilhali lugha aliyopewa ina jina la "tunda" tu.

Watoaji wa maelekezo wamejaribu kuziba pengo hilo kwa maneno mawili. Wengine huziita nyuzi hizo mizizi. Neno hilo halifai, kwa sababu mzizi ni sehemu ya mmea na hufanya kazi kwa niaba ya majani, wakati nyuzi hizi ndizo kiumbe chenyewe. Anayeziita mizizi atasubiri shina na majani juu yake, na asipoviona atadhani kazi imeharibika. Wengine husema utando mweupe. Neno utando linafaa zaidi. Tayari linatumika kwa kitu chembamba kinachotanda juu ya kingine, kama utando wa buibui au utando wa maziwa. Linatokana na kitenzi tanda, ambacho hueleza hasa kile kinachotokea mfukoni. Nalo halibebi fikra yoyote ya mmea. Tunapendekeza kuwa istilahi rasmi ya dhana hii iwe utando wa uyoga, au kwa kifupi utando.

Ufafanuzi huu una manufaa hata kwa uyoga wa porini. Uyoga mkubwa uotao juu ya vichuguu baada ya mvua ni wa jenasi ya Termitomyces, iliyopewa jina hilo na Roger Heim mwaka 1942. Utando wake hutunzwa na mchwa ndani ya kichuguu, juu ya masega wanayoyatengeneza kwa mabaki ya mimea. Mtu anayeamini kuwa uyoga huwa na mbegu kama mahindi atauchukua ule wa kichuguuni, aukaushe na kuupanda katika mfuko wa majani, na hatapata kitu. Anayejua kuwa kuna utando, na kwamba utando huo una mlezi wake, ataelewa kwa nini uyoga huo huokotwa lakini hauoteshwi nyumbani.

4.0 Mbegu isiyo mbegu

Istilahi iliyoenea kuliko zote katika shughuli hii ni mbegu ya uyoga. Hutaja kile kinachonunuliwa katika chupa au mfuko mdogo na kuchanganywa na majani yaliyoandaliwa. Kwa utaratibu wa uundaji wa istilahi, hapa imetumika mbinu ya upanuzi wa maana: neno lililopo limeongezewa dhana mpya. Mbinu hiyo ni halali na imelifaa Kiswahili mara nyingi. Swali ni kama dhana mpya inavumilia tabia za dhana ya zamani.

Mkulima wa Babati anajua mambo kadhaa kuhusu mbegu. Mbegu ni kavu. Mbegu hulala, na huweza kungoja msimu. Mbegu hutunzwa juu ya dari penye moshi au katika gunia, mahali pakavu. Mbegu bora zaweza kuchaguliwa katika mavuno ya mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao. Na mbegu hutoa kile kilichoizaa.

Kile kilichomo chupani hakina hata moja ya tabia nne za mwanzo. Ni punje za mtama, ngano au nafaka nyingine, zilizochemshwa, zikauliwa vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, kisha zikapandikizwa utando ambao umeenea na kuzifunika kwa weupe. Punje yenyewe, ambayo macho huiona na ulimi huiita mbegu, imekwisha kufa kwa kuchemshwa na haiwezi kuota. Kilicho hai ni utando ulioizunguka. Utando huo haulali. Unakula, unapumua na kutoa joto. Ukiachwa mahali pa joto kali utakufa au kuharibika; ukitakiwa kungoja, huhifadhiwa katika jokofu, kwenye nyuzijoto kama 4 za Selsiasi, na hata hapo haufai kukaa muda mrefu. Wala mwoteshaji wa nyumbani hawezi kuitenga sehemu ya mavuno yake ikawa mbegu ya mwaka ujao kwa kuianika juani. Kilicho sawa na mbegu kwa kiasi fulani ni spora zinazodondoka chini ya kofia, lakini hizo hazionekani moja moja kwa macho, na kuzigeuza kuwa utando safi ni kazi ya maabara.

Linganisha sentensi hizi mbili:

(1) Nunua mbegu na uzihifadhi vizuri hadi utakapokuwa tayari kupanda.

(2) Andaa majani kwanza, ndipo ununue mbegu, na uzitumie mara zifikapo.

Sentensi (1) ni sahihi kabisa kisarufi, na kwa mahindi ni ushauri mwema. Kwa uyoga ni hasara. Msomaji atakayeitii kwa kufuata maana ya kawaida ya "kuhifadhi mbegu vizuri" atazianika. Sentensi (2) inageuza mpangilio wa kazi, lakini nayo haielezi sababu, na agizo lisilo na sababu husahaulika upesi.

Je, neno mbegu libadilishwe? Ipo hoja ya kulipendelea neno chachu. Chachu ni kitu kilicho hai, hutiwa kidogo katika kingi, huenea chenyewe, na kila mpika mikate au mgema pombe anajua kuwa chachu iliyokufa haifanyi kazi. Zaidi ya hayo, hamira yenyewe ni kuvu. Kwa upande wa dhana, chachu iko karibu na ukweli kuliko mbegu. Lakini neno hilo nalo lina mzigo wake. Linahusiana na kitenzi chacha, ambacho huashiria pia kuharibika na kuwa na ukali. Mfuko wa uyoga unaonuka uchachu ni mfuko ulioharibika kwa bakteria. Tukimwambia mwoteshaji kuwa ametia chachu, huenda akaipokea harufu hiyo kama dalili njema.

Kwa hiyo hatupendekezi kuling'oa neno mbegu, ambalo limekwisha kukomaa katika biashara na katika vinywa vya watu. Istilahi iliyokubaliwa na watumiaji haiondolewi kwa amri. Tunachopendekeza ni kwamba kila maelekezo yaifafanue mara linapotajwa kwa mara ya kwanza, kwa maneno kama haya: "Mbegu ya uyoga ni utando hai uliolelewa juu ya nafaka iliyochemshwa." Fasili hii ya maneno machache inabeba uhai, ulaji na udhaifu wa kitu kinachotajwa. Ulinganisho na chachu ubaki katika maelezo ya mdomo ya mwalimu, pale anapotaka kueleza kwa nini mbegu hii haingoji.

5.0 Vimeng'enywa na vimeng'enya

Majani, mabua au pumba ambamo uyoga huoteshwa huitwa, katika maelekezo mengi ya Tanzania, vimeng'enywa. Hii ni mojawapo ya istilahi bora katika uwanja huu. Imeundwa kwa unyambuaji kutokana na kitenzi meng'enya, na kiambishi -w- cha kutendwa kinasema waziwazi kuwa vitu hivi ndivyo vinavyotendewa: uyoga unavimeng'enya. Kama vingeitwa udongo au mbolea, tungekuwa tumerudi shambani. Udongo hubaki baada ya mavuno, lakini vimeng'enywa hupungua, kwa kuwa vinaliwa.

Tatizo ni kwamba taaluma ya biolojia ina istilahi kimeng'enya, wingi vimeng'enya, kwa kemikali za mwili zinazoharakisha umeng'enyaji. Istilahi hizi mbili zinatofautiana kwa konsonanti moja tu, nazo hukutana katika mada moja, kwa kuwa utando hutoa vimeng'enya ili kuvilainisha vimeng'enywa nje ya mwili wake, kisha ukafyonza virutubisho. Taz. sentensi ifuatayo:

(3) Utando hutoa vimeng'enya vinavyovunja vimeng'enywa.

Kwa mwanaisimu sentensi hii ni ya kupendeza, kwa sababu inaonyesha jinsi kauli ya kutenda na ya kutendwa zinavyogawana kazi ndani ya shina moja. Kwa mpiga chapa ni mtego. Herufi w ikidondoka, kinacholiwa hugeuka kuwa kinachokula, na msomaji anayeambiwa "chemsha vimeng'enya" atakuwa amepewa agizo lisilo na maana. Pamoja na hayo hatuoni sababu ya kuacha istilahi yoyote kati ya hizo. Katika maandishi ya waoteshaji wa kawaida neno kimeng'enya si la lazima. Katika maandishi ya wanafunzi wa sayansi, zote mbili zifafanuliwe pamoja, zikipingwa moja dhidi ya nyingine, ili kiambishi -w- kionekane na kukumbukwa.

6.0 Maana mbili za ukungu

Neno ukungu lina maana mbili zinazohusika hapa. Kwanza, ni mvuke uliotanda hewani, hasa asubuhi. Pili, ni kuvu waotao juu ya mkate, ngozi au nafaka iliyopata unyevu. Katika maisha ya kawaida muktadha hutosha kuzitenganisha. Katika chumba cha uyoga muktadha haufanyi hivyo, kwa kuwa maana zote mbili zimo chumbani kwa wakati mmoja, moja ikihitajika na nyingine ikiogopwa:

(4) Hakikisha chumba kina ukungu wa kutosha wakati vitumba vinapochomoza.

(5) Ukiona ukungu, toa mfuko huo nje haraka.

Vitumba vinahitaji hewa yenye unyevu mwingi, na matone madogo yaliyonyunyizwa hewani hufanana hasa na ukungu wa asubuhi. Lakini ukungu wa kijani, ambao mara nyingi ni wa jenasi ya Trichoderma, hushindana na utando na hatimaye huuangamiza. Mfuko wenye ukungu huo hutengwa mapema ili spora zake zisiambukize mingine. Mtu aliyesoma (4) na (5) kwa pamoja ana haki ya kuchanganyikiwa.

Jambo lenye hatari zaidi ni kwamba utando wenyewe, kwa mtu asiyeuzoea, hufanana na ukungu wa maana ya pili. Ni mweupe, una manyoya, na umeota juu ya majani yaliyolowa. Mgeni atautupa mfuko mzima ulio katika hali njema kabisa. Tunapendekeza kwamba, katika maelekezo, maana ya kwanza ya neno hili iachwe na mahali pake litumike neno unyevu au matone. Kwamba ukungu litumike kwa kuvu wavamizi peke yao, tena likiambatana na rangi, yaani ukungu wa kijani au ukungu mweusi. Na kwamba utando usiitwe ukungu kamwe.

7.0 Vitenzi vya kazi

Katika uteuzi wa vitenzi Kiswahili kina utajiri ambao bado haujatumiwa ipasavyo. Kitenzi panda kinaleta picha ya kufukia kitu ardhini. Kitenzi otesha, ambacho ni kauli ya kutendesha ya ota, kinafaa zaidi, kwani ota hutumika kwa mmea, kwa ndevu, kwa meno na hata kwa ukungu. Hakimlazimishi msikilizaji kufikiria mmea. Ndiyo sababu makala haya yanazungumzia uoteshaji wa uyoga.

Tofauti kati ya mwagilia na nyunyizia ni muhimu zaidi. Anayemwagilia humimina maji kwenye shina. Anayenyunyizia hutawanya matone. Mfuko wa uyoga ukimwagiliwa, maji hutuama, hewa hukosekana, na bakteria hushamiri. Vimeng'enywa vinapoandaliwa kipimo ni cha mkono: ukikamua konzi moja, yadondoke matone machache tu, si mchirizi. Baada ya hapo maji hunyunyiziwa hewani na kutani. Neno moja lisilo mahali pake linaweza kuyaozesha matumaini ya mwezi mzima.

Vivyo hivyo kwa kuvuna. Maelekezo yakisema kata, mwoteshaji atabakisha kisiki, nacho huoza na kukaribisha ukungu. Yakisema ng'oa kwa kuzungusha, tunda litatoka zima, na mfuko utabaki safi kwa mkupuo wa pili. Neno mkupuo nalo linastahili kupewa nafasi ya istilahi, kwa sababu linaeleza jinsi matunda yanavyotoka kwa pamoja, yakapumzika, kisha yakatoka tena.

8.0 Unaoliwa na unaolika

Sehemu hii inahusu usalama, na hapa makosa ya lugha hayaishii katika hasara ya fedha. Kiswahili kina kauli mbili zinazokaribiana: uyoga unaoliwa, kwa kauli ya kutendwa, na uyoga unaolika, kwa kauli ya kutendeka. Ya kwanza ni habari juu ya desturi: wapo watu wanaoula. Ya pili ni dai juu ya kitu chenyewe: mwili wa binadamu unaweza kuupokea bila madhara. Katika mji uliokusanya watu wa jamii nyingi, "unaoliwa" hudai swali la nyongeza: unaoliwa na nani, wapi, na umetambuliwa kwa alama zipi? Uyoga wa jenasi ya Amanita wenye sumu waweza kumfanana, kwa macho ya mgeni, na ule aliouzoea kwao. Sumu za amatoksini zilizomo katika Amanita phalloides haziondolewi kwa kupika wala kwa kukausha, na dalili zake huchelewa kwa saa 6 au zaidi baada ya mlo, wakati ini limekwisha kuanza kuathirika. Imani kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kitu cha fedha kikichemshwa pamoja na uyoga hubainisha sumu, hazina msingi.

Mwoteshaji wa nyumbani huenda akadhani kuwa jambo hili halimhusu, kwani yeye ameotesha mamama. Lakini juu ya majani yaliyolowa huweza kuota pia uyoga usiopandwa, hasa wa kundi la Coprinus, ambao kofia zake huyeyuka na kuwa weusi kama wino. Baadhi ya spishi za kundi hilo huliwa. Mshandete na Cuff walichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu uoteshaji wa Coprinus cinereus, pamoja na aina nyingine mbili za asili, juu ya masalio ya mkonge nchini Tanzania. Hata hivyo, kuliwa kwa spishi moja hakuzithibitishi jirani zake. Kwa sababu neno uyoga ni jina la jumla, sentensi "vuna uyoga utakaoota mfukoni" inaruhusu kuvuna chochote. Sentensi salama hutaja aina: "vuna mamama tu, uyoga mwingine wowote utupwe."

Jina mamama lina manufaa yake hapa. Tafsiri sisisi uyoga chaza, inayofuata jina la Kizungu, inategemea sura ya chaza wa baharini, mnyama ambaye mtu wa Babati huenda hajamwona. Mamama halielezi sura, lakini ni jina la aina moja, na katika usalama hilo ndilo linalotakiwa.

Inahitajika pia kuwa na majina thabiti ya sehemu za tunda. Tunapendekeza kofia, shina, matamvua kwa vile vipande vyembamba vilivyo chini ya kofia kama vya samaki, pete kwa kile kinachozunguka shina, na kikombe kwa mfuko ulio chini kabisa ya shina. Pete na kikombe, vikiwa pamoja na matamvua meupe, ni ishara ya kuacha. Kikombe aghalabu hufichwa na udongo. Anayeukata uyoga juu ya ardhi huacha nyuma ushahidi muhimu kuliko wote. Hii ni sababu nyingine ya kutenganisha kukata na kung'oa.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba matatizo ya istilahi za uoteshaji wa uyoga yana chanzo kimoja. Lugha ilikuwa na jina la tunda bila jina la kiumbe, na nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na mmea. Utando ukishapewa jina na fasili, istilahi nyingine hujipanga zenyewe: mbegu ni utando uliolelewa juu ya nafaka, vimeng'enywa ni chakula cha utando, ukungu ni mshindani wa utando, na uyoga ni tunda la utando. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililohitaji kutoholewa. Yote yalikuwemo katika Kiswahili, yakisubiri kupangwa.

Kwa wanafunzi wa isimu, uwanja huu unatoa nafasi ya utafiti ambao haujafanywa vya kutosha, yaani kulinganisha maelekezo ya kazi za nyumbani kama ufugaji wa nyuki, usindikaji wa mboga na utengenezaji wa sabuni, na kuchunguza ni wapi msamiati ulioazimwa kutoka shughuli moja unaharibu nyingine. Kipimo cha istilahi katika utafiti wa namna hiyo kisiwe ufupi wake au uzuri wa umbo lake pekee. Kiwe pia kile anachokifanya mtu kwa mikono yake baada ya kuisoma.